Antónia Ferreira: Mjane aliyeshika funguo za mapipa ya Douro

KATIKA vichochoro vya Shela, kisiwani Lamu, ambako punda ndiye gari na mchanga ndio lami, zipo familia nyingi ambazo hazijapata kuonja kileo tangu enzi za mababu. Hata hivyo, kila mwenyeji wa hapo hutamka neno pipa pasipo kusita, na akikutana na neno mvinyo hahitaji kamusi ili alielewe.

Maneno hayo mawili yaliletwa na Wareno, pamoja na meza, leso, karata, bendera na gereza. Vasco da Gama alitia nanga Malindi mnamo 1498. Miaka minane baadaye, Tristão da Cunha alifika Lamu na kumlazimisha mtawala wake akubali kulipa kodi. Mnamo 1589 Wareno walimkata kichwa mfalme wa Lamu, na ilipofika Desemba 1698, Ngome ya Yesu mjini Mombasa iliponyakuliwa na Waarabu wa Oman, utawala wao katika upwa huu wa kaskazini ukawa umevunjika. Waliondoka wao, maneno yakabaki. Pipa likawa la maji, na waliobaki hawakuona haja ya kuuliza kule lilikotoka lilitumiwa kuhifadhi nini.

Kule lilikotoka, pipa ni kipimo. Katika bonde la mto Douro, kaskazini mwa Ureno, pipa moja ni lita 550 za mvinyo mtamu na mkali uitwao Porto, na utajiri wa mtu ulihesabiwa kwa mapipa kama vile mkulima wa bara anavyohesabu ng'ombe zake. Mtu aliyekuja kuwa na mapipa mengi kuliko karibu kila mwenzake katika karne ya 19 hakuwa mwanamume, wala hakuwa Mwingereza, ingawa biashara hiyo ilikuwa kwa kiasi kikubwa mikononi mwa wanaume wa Kiingereza. Alikuwa mjane, mama wa watoto wawili, kwa jina Antónia Adelaide Ferreira.

Alizaliwa Julai 4, 1811 katika kijiji cha Godim, karibu na mji wa Peso da Régua. Ulikuwa mwaka ambao majeshi ya Napoleon yalikuwa yakifurushwa kutoka Ureno, na ni mwaka mmoja au miwili hivi kabla ya vita vya Shela, ambapo watu wa Lamu waliwashinda Wapate na wenzao wa Mombasa katika ufuo wenye machuguu ya mchanga. Jumba la kibiashara la ukoo wa Ferreira lilikuwa tayari na umri wa miaka 60, kwa kuwa linahesabu mwanzo wake kutoka 1751. Baba yake, José Bernardo Ferreira, na baba yake mdogo, António Bernardo, walikuwa wamelipanua kwa kununua mashamba na kusafirisha mvinyo ng'ambo.

Ili kulielewa jambo alilolirithi, yafaa kwanza kueleza mvinyo wenyewe ni wa namna gani, na mtu wa Pwani ana njia fupi ya kuuelewa. Anajua kwamba tembo la mnazi likigemwa alfajiri huwa tamu, jioni huwa kali, na siku chache baadaye huwa siki ya kutia kwenye kachumbari. Hamira iliyo hewani huila sukari na kuigeuza kileo, kisha vijidudu vingine hukigeuza kileo kuwa asidi. Hakuna mgema aliyepata kuweka tembo kwa miaka ishirini.

Wakulima wa Douro walipata dawa ya tatizo hilo. Zabibu zikishavunwa mwezi Septemba, hutiwa katika vihodhi vipana vya mawe, na wanaume huzikanyaga kwa miguu kwa saa nyingi, wakiwa wameshikana mabega kwa mstari. Maji ya zabibu huanza kuchachuka. Kabla sukari haijaisha, humwagiwa pombe kali iliyokenekwa kutokana na zabibu zenyewe, kiasi cha sehemu moja kwa nne. Hamira hufa, sukari iliyosalia hubaki, na kinachopatikana ni kinywaji kitamu chenye nguvu ya asilimia 19 hadi 22, ambacho hakigeuki siki hata kikivuka bahari. Kisha huwekwa katika mapipa ya mwaloni, na humo hukaa miaka kumi, ishirini, arobaini, kikipoteza wekundu wake na kuchukua rangi ya kahawia, huku sehemu kidogo ikiyeyukia hewani kila mwaka.

Biashara inayosubiri kiasi hicho haiwezi kuwa ya mtu mmoja. Yeye hujaza, mwanawe hulinda, mjukuu huuza. Ndiyo maana huko Douro ukoo na ghala ni kitu kimoja, na ndoa zilipangwa kwa kutazama mipaka ya mashamba.

Ndoa ya Antónia haikuwa tofauti. Mnamo 1834, akiwa na umri wa miaka 23, aliozwa binamu yake, António Bernardo Ferreira, mwana wa yule baba mdogo, ili mali za ndugu wawili zibaki chini ya paa moja. Ureno ilikuwa ndiyo kwanza itoke katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, ambavyo vilisababisha mji wa Porto kuzingirwa kwa mwaka mzima. Mnamo Agosti 1833 maghala makubwa ya ng'ambo ya pili ya mto, Vila Nova de Gaia, yalitiwa moto na mvinyo ukatiririka hadi majini.

Mume huyo alipenda makuu. Alijenga na kupamba, akasafiri, akaishi mjini kama kabaila ilhali mizabibu ilikuwa milimani. Alifariki mjini Paris mnamo 1844. Antónia akabaki na watoto wawili, António na Maria da Assunção, mashamba mengi, madeni, na umri wa miaka 33.

Katika Ureno ya wakati huo, kama ilivyokuwa katika sehemu nyingi za dunia, mwanamke aliyeolewa alikuwa chini ya mumewe katika mambo yote ya mali. Mjane ndiye aliyekuwa na ruhusa ya kutia saini. Hapana shaka jamaa walitarajia kwamba angeitumia saini hiyo mara moja tu, kumkabidhi mwanamume mwingine shughuli zote. Badala yake aliondoka katika anasa za Porto, akarudi milimani, akaanza kuzunguka shamba baada ya shamba kutazama kuta za mawe, mapipa na vitabu vya hesabu.

Mashamba hayo si ya tambarare. Douro hupita katika korongo lenye miteremko mikali ya mawe ya bamba, na kila mzabibu umepandwa juu ya kidato kilichojengwa kwa mikono. Wakati wa kiangazi joto huwa la tanuri na wakati wa baridi umande huganda. Barabara zilikuwa chache, kwa hivyo mapipa yalivutwa na maksai hadi mtoni, kisha yakapakiwa katika mashua za sakafu bapa, zenye tanga moja la mraba na kasia refu sana la kuongozea lililofungwa nyuma. Manahodha wa mashua hizo walihitaji ujuzi kama wa wale wanaovuka mlango wa Shela bahari ikiwa imechafuka, isipokuwa kwamba huko hatari ilikuwa miamba na maporomoko.

Jaribio kubwa la kwanza halikutoka mtoni, bali serikalini. Duke wa Saldanha, mwanajeshi mashuhuri, ndiye aliyekuwa waziri mkuu wa Ureno katika miaka ya 1850. Alimtaka Maria da Assunção awe mke wa mwanawe. Binti huyo alikuwa na umri wa miaka 11 hivi, lakini mali ya mama yake ilikuwa imekomaa vya kutosha. Antónia alikataa.

Mtu wa cheo hicho hakuzoea kukataliwa na mjane wa milimani, hata awe tajiri namna gani. Mnamo 1854 watu wenye silaha walitumwa kumchukua msichana kwa nguvu. Walipofika walikuta ndege amekwisha ruka. Mama na binti walikuwa wamevaa nguo za wanawake wa shamba, wakapita njia za milimani hadi Hispania, na kutoka huko wakaelekea London, mji ambao mvinyo wao ulikuwa ukiujua vyema kuliko wao wenyewe.

Huenda hakuna tukio katika maisha yake linaloonyesha vizuri zaidi alikuwa mtu wa aina gani. Waziri mkuu angeweza kumfilisi: kodi, vibali vya kuuza nje na ramani ya maeneo yaliyoruhusiwa kulima zabibu za Porto, vyote vilikuwa mikononi mwa dola tangu Marquis wa Pombal alipoweka mipaka ya Douro mnamo 1756. Antónia aliacha mavuno, maghala na wafanyakazi nyuma yake, pasipo kujua kama angevikuta, kwa sababu ya mtoto mmoja. Binti huyo baadaye aliolewa na kabaila mwingine, Count wa Azambuja, akiwa mtu mzima.

Aliyewasaidia katika miaka hiyo ni Francisco José da Silva Torres, msimamizi wa shughuli za ukoo. Mnamo 1856, wakiwa bado uhamishoni London, Antónia alifunga naye ndoa. Hakuwa kabaila, wala hakuleta mashamba. Alileta uaminifu na kichwa cha hesabu, na wawili hao walifanya kazi pamoja hadi Torres alipofariki mnamo 1880.

Waliporudi, Douro ilikuwa ikiugua. Ukungu uitwao oidiamu ulikuwa umeingia mizabibuni tangu mwanzoni mwa miaka ya 1850 na kupunguza mavuno vibaya. Tiba yake ilipatikana, nayo ilikuwa ni kunyunyiza salfa. Lakini tiba iligharimu, na mkulima mdogo asiye na akiba alishindwa. Hapo ndipo Antónia alipoanza kununua: mvinyo wa wengine ulipokosa soko aliuweka katika mapipa yake, na ardhi ilipouzwa aliichukua.

Waandishi wa Kireno wengi humsifu kwa hilo na kusema aliwaokoa wakulima. Sifa hiyo ina ukweli, kwa kuwa aliyeuza alipata fedha za kuvuka mwaka. Ni kweli pia kwamba mwaka uliofuata aliyeuza shamba alikuwa kibarua, na aliyenunua alikuwa tajiri zaidi. Mambo hayo mawili yaliwezekana kwa mkono uleule.

Jirani yake katika biashara, na mgeni aliyependwa katika nyumba zake, alikuwa Joseph James Forrester, Mwingereza mzaliwa wa Hull aliyefika Porto mnamo 1831. Forrester alichora ramani ya mto Douro iliyostaajabisha wataalamu wa zama zake, na kwa kazi hiyo mfalme wa Ureno akampa cheo cha baroni mnamo 1855. Aidha alikuwa mtu wa ubishi. Mnamo 1844 alichapisha kijitabu kilichowashambulia wafanyabiashara wenzake kwa kuharibu mvinyo kwa rangi na pombe kali. Aliamini kwamba mvinyo wa Douro ungeachwa uchachuke hadi mwisho, bila kuongezwa chochote, ungekuwa bora.

Malalamiko kuhusu rangi hayakuwa mapya. Karne moja kabla yake, wauzaji walikuwa wakitia maji ya matunda ya msambuku ili mvinyo hafifu uonekane mwekundu, hadi Pombal akaamuru miti hiyo ing'olewe. Mgema, kumbe, hulitia tembo maji kila pembe ya dunia, asifiwe asisifiwe. Lakini kuhusu pombe kali Forrester alishindwa, maana wanywaji wa London walikuwa wamekwisha uzoea utamu.

Mei 12, 1861 Forrester na Antónia, pamoja na Torres na wenzao, walipanda mashua kutoka Quinta do Vesúvio, shamba kubwa ambalo baba mkwe wake Antónia alilinunua mnamo 1823 na kulijengea vihodhi vinane vya mawe. Mto ulikuwa umefura. Njia yao ilipitia Cachão da Valeira, mahali ambapo miamba iliziba mto kabisa hadi ilipopasuliwa kwa baruti mwishoni mwa karne ya 18, na ambapo maji bado yalikuwa yakizunguka kwa nguvu. Mashua ilipinduka.

Antónia alivaa kama walivyovaa wanawake wa hadhi yake, sketi pana sana iliyotandazwa juu ya tao za chuma chembamba na kitambaa. Inasimuliwa kwamba hewa ilinaswa ndani ya sketi hiyo, ikamwelea kama boya hadi akafika ukingoni. Kuhusu Forrester inasimuliwa kinyume chake, kwamba mkanda wa fedha kiunoni ulimvuta chini. Mwili wake haukupatikana kamwe. Alikuwa amebakisha siku tisa kutimiza miaka 52.

Hadithi hiyo ya sketi na mkanda imependeza mno, na msomaji ana haki ya kuishuku kidogo. Jambo lisilo na shaka ni kwamba mtu aliyeujua mto huo kuliko wote, hata akauchora jiwe kwa jiwe, ndiye aliyemezwa nao. Antónia alirejea kazini, na aliendelea na kazi hiyo kwa miaka 35 mingine.

Adui aliyefuata alikuwa mdogo kiasi cha kutoonekana vyema kwa macho. Filoksera, mdudu mfano wa chawa aliyetoka Amerika ya Kaskazini pamoja na miche, alianza kuonekana Douro katika miaka ya 1860. Hula mizizi. Mzabibu hunyauka bila mkulima kuona sababu juu ya ardhi, na akiung'oa huwa ni kuchelewa. Kufikia miaka ya 1880 milima mizima ilikuwa imekufa. Vidato vilivyoachwa wakati huo vingali vinaonekana hadi leo, vimemezwa na vichaka, na wenyeji huviita kwa jina linalotokana na kifo.

Dawa iliyokuja kufaulu ilishangaza wengi: kupandikiza mizabibu ya Ulaya juu ya mashina ya Amerika, nchi ileile iliyomleta mdudu, kwa kuwa mizizi ya huko ilikuwa imemzoea. Ilimaanisha kung'oa kila kitu na kuanza upya, kisha kungoja miaka. Waliokuwa na mapipa yaliyojaa ghalani waliweza kungoja. Antónia alikuwa nayo kuliko yeyote, na watu walipokosa mavuno aliwapa kazi ya kupanda mizabibu na mizeituni, kujenga kuta na kufungua barabara. Alichangia pia hospitali katika bonde hilo.

Wakati huohuo reli ilikuwa ikipanda kandokando ya mto. Ilifika Régua mnamo 1879 na mpaka wa Hispania mnamo 1887. Zama za zile mashua zenye kasia refu zikaanza kufifia.

Mnamo 1877, akiwa na umri wa miaka 66, alifanya jambo ambalo mshauri mwenye busara angemkataza. Alinunua katika mnada wa umma hekta 300 za pori kutoka kwa halmashauri ya Vila Nova de Foz Côa, juu kabisa mtoni, mahali pakame na mbali, ambapo hapakuwa na mzabibu hata mmoja. Hapo palikuwa Vale Meão. Kazi ya kufyeka, kupanda na kujenga ilichukua miaka mingi, ikiajiri watu wengi waliofukuzwa makwao na filoksera. Nyumba na maghala yalipokuwa tayari, mwenyewe alikuwa ametimiza miaka 80 na zaidi.

Alifariki Machi 26, 1896, nyumbani kwake Régua. Alikuwa akimiliki mashamba zaidi ya 20. Watu wa bonde walijipanga kando ya njia kuusindikiza mwili wake, wakulima pamoja na makabaila. Tangu zamani walikuwa wamemwita Ferreirinha, yaani Ferreira mdogo, kwa namna ya kudekeza, kama ambavyo watu hufupisha jina la bibi wa mtaa. Inasemekana alitunukiwa vyeo vya kikabaila na akavikataa.

Warithi wake waliunda kampuni mnamo 1898 ili mali isitawanyike, na jumba hilo lilibaki mikononi mwa ukoo hadi 1987, liliponunuliwa na kampuni ya Sogrape, pia ya Ureno. Vesúvio lilikwenda kwa ukoo mwingine mnamo 1989. Vale Meão lilibaki kwa vitukuu na vilembwe.

Ni kutokana na zabibu za Vale Meão ambapo mnamo 1952 mtaalamu wa jumba la Ferreira, Fernando Nicolau de Almeida, alitengeneza mvinyo mpya alioupa jina la Barca Velha, ambao ulikuja kuwa mashuhuri kuliko mvinyo wowote mwingine mwekundu wa mezani nchini humo. Haukuongezwa pombe kali. Uliachwa uchachuke hadi mwisho, kama vile Forrester alivyokuwa akitaka.